Mwalimu wa Madaktari Ana Ruhusa ya Kuchoka?

Wasemaji wa mjadala huu nimewatunga mwenyewe, kwa vipande vya watu wengi, kwa hiyo asiwepo wa kujitafuta humu. Yupo Profesa, bingwa wa upasuaji na mkuu wa idara, mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye kalamu tatu za mfukoni mwake hazijawahi kuazimwa na mtu. Yupo Docta, daktari kijana anayesomea ubingwa chini yake, mwaka wa tatu sasa. Yupo Mama Shefu, muuguzi mkuu wa wodi, aliyewapokea na kuwasindikiza wakuu wa idara wanne na bado anakumbuka kila mmoja alikunywa chai ya namna gani. Na yupo Mwanafunzi wa staji, mwaka wa mwisho, ambaye husema kidogo, kwa sababu katika hospitali zetu anayesimama mbali zaidi na kitanda ndiye anayesema kidogo zaidi.

Nimewaketisha kwenye baraza ya hospitali isiyo na jina mjini Kisangani. Mvua nimeileta mimi, maana bila mvua kubwa madaktari wa mji huu hawakai pamoja saa nzima: mmoja ana kipindi chuoni, mwingine ana zamu kwenye kliniki ya binafsi huko Mangobo, wa tatu anawahi mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga kabla giza halijaingia. Umeme nao umekatika. Hilo halikuhitaji kutungwa.

Kilichowaweka barazani ni cha asubuhi. Katika kupita vitanda, Profesa aliuliza kuhusu mgonjwa wa kitanda cha nne, aliyepasuliwa tumbo baada ya homa ya matumbo kumtoboa utumbo: amekojoa kiasi gani usiku? Mwanafunzi akajibu kwamba hakupima. Profesa akarusha faili. Likapita karibu na sikio la kijana, likagonga chuma cha kitanda, karatasi zikatawanyika sakafuni mbele ya wagonjwa kumi na wawili na ndugu zao.

MAMA SHEFU: Profesa, asubuhi nilinyamaza kwa heshima yako. Sasa wagonjwa hawatusikii. Lile faili lingemtoa jicho mtoto wa watu.

PROFESA: Halikumgusa.

MAMA SHEFU: Lilimgusa wa kitanda cha nne. Ulipotoka aliniita. Akaniuliza, "Mama, daktari mkubwa amekasirika kwa sababu mimi nakufa?"

PROFESA: Lakini yule anaendelea vizuri!

MAMA SHEFU: Nilimwambia hivyo. Hakuniamini mimi. Aliliamini faili.

PROFESA: Sikiliza, Mama. Mtu aliyetobolewa utumbo, mkojo ndio saa yake. Ukipungua, figo zinazimika, na ukichelewa kuona huna tena la kufanya. Kijana asiyepima mkojo leo, kesho ni daktari peke yake Opala au Bafwasende, siku nzima ya barabara mbovu kutoka kwa mtu wa kumuuliza. Huko hakuna atakayemrushia faili. Kutakuwa na kaburi tu. Bora anichukie sasa. Mimi nilifundishwa hivyo, na kazi nikaijua.

Hoja hii si ya kupuuzwa, na wanaoipuuza haraka ni wale ambao hawajawahi kulala mezani mbele ya daktari aliyepitishwa mtihani kwa huruma. Ukali wa mwalimu wa madaktari una mdai, naye ni mgonjwa ambaye bado hajaugua. Mimi ningekuwa mgonjwa huyo wa Opala, ningetaka daktari wangu awe alifundishwa na Profesa. Hayo niliyaamini mpaka Mwanafunzi alipofungua mdomo.

MWANAFUNZI: Naomba kusema, Profesa.

PROFESA: Sema.

MWANAFUNZI: Mfuko wa mkojo haukuwepo. Familia ilikosa pesa ya kuununua, tukafunga chupa ya maji. Saa sita usiku nikatumwa kutafuta damu ya yule mama wa uzazi. Nimerudi saa kumi, mtu ameshaimwaga chupa. Ndiyo maana sikupima.

PROFESA: Ungesema hivyo.

MWANAFUNZI: Nilisema sikupima. Wenzangu wangesema mililita 1,200.

PROFESA: Wangejuaje?

MWANAFUNZI: Wasingejua, Profesa. Ni kwamba hiyo ndiyo namba isiyokukasirisha.

Hapo barazani pakawa na kelele ya mabati peke yake.

Kuna mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache. Hesabu zikatoka kinyume: wodi zenye wakuu wazuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Ilimchukua muda kung'amua kwamba wodi hizo hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema. Kwingine kosa liliingia mfukoni na kwenda nyumbani na aliyelifanya. Basi pima uzito wa ile 1,200 ya wanafunzi wa barazani kwetu. Kwa miaka, mpasuaji hodari amekuwa akiamua nani aongezewe maji na nani arudishwe mezani kwa kutumia tarakimu zilizotungwa ili yeye asipandishe sauti. Anayedhani hasira ya mkuu ni jambo la tabia tu, lisilohusu matibabu, na aanzie hapo.

Nilitegemea Docta asimame upande wa Mwanafunzi. Hakusimama.

DOCTA: Sasa mtasema dawa yake ni "akili hisia". Nimeshapelekwa kwenye semina hiyo. Siku tatu hotelini, kiyoyozi, posho ya usafiri, mwezeshaji anatuambia tufumbe macho tuvute pumzi. Alikuwa na mchoro ubaoni: ujue hisia zako, uzitawale, uzijue za mwenzako, ukae vizuri na watu. Maneno matamu. Nikafumba macho, nikaona mshahara ambao haujaja.

PROFESA: (anacheka kwa mara ya kwanza) Hapo tuko pamoja.

DOCTA: Si utani, Profesa. Wanaotuchosha ndio hao hao wanaotulipia semina ya kuvumilia uchovu.

Jambo lenyewe, akili hisia, si la kuchekwa lote. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani, walilitolea makala mwaka 1990, wakidai kwamba kuzisoma hisia na kuzitumia katika kufikiri ni akili kama akili nyingine, tena inaweza kupimwa. Miaka mitano baadaye Daniel Goleman akaliandikia kitabu kilichouzwa dunia nzima, na tangu hapo limekuwa likisafiri na mabegi ya wawezeshaji. Uchovu nao una historia yake: mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyejitolea katika kliniki ya bure mjini New York, aliwaeleza wahudumu wenzake, na yeye mwenyewe, waliokuwa wakiteketea kama jengo linaloungua kwa ndani. Kisha mwanasaikolojia Christina Maslach akatengeneza kipimo cha uchovu huo, kikachapishwa mwaka 1981, chenye mambo matatu: mtu kuishiwa kabisa kwa ndani; kuanza kuwaona anaowahudumia kama vitu; na kuona kwamba kazi yake haimfikishi popote.

Kiswahili kinatupa "kuchoka", nalo halitoshi. Mkulima huchoka, akalala, akaamka mzima. Kuna "kukinai", pale chakula chenyewe kinapoanza kukuudhi. Na kuna "kuchujuka": kitambaa kingali kizima, hakijachanika popote, bado kinavalika, ila rangi imekwenda na maji. Mimi nachukua hilo. Daktari aliyechujuka haanguki. Anafika saa moja na nusu asubuhi, anapasua vizuri, anafundisha, anasaini. Usipokuwa mtu wa kutazama kwa makini humjui. Kuhusu kuwaona watu kama vitu, wodi ina msamiati wake: "kitanda cha nne". Sote tumekuwa tukimwita hivyo tangu mwanzo, Mama Shefu akiwemo, na mimi niliyeandika nikiwemo.

DOCTA: Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuandika uchovu huu katika orodha yake ya magonjwa, likaweka wazi kwamba si ugonjwa. Likasema ni hali ya kikazi, inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Wa kazini, Mama. Halikusema wa moyoni. Mimi nina shahada, nina miaka minne ya kazi, namba yangu ya matrikula, ya kunitambua kama mtumishi wa serikali, bado inasubiri saini Kinshasa. Wenye namba wanasubiri posho ya hatari. Tunagoma, tunaahidiwa, tunarudi, tunagoma tena. Tazama Kenya: makubaliano ya 2017 yaliwapa madaktari wanagenzi zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, ikafika 2024 serikali inawaambia chukueni 70,000. Walikaa nje ya hospitali siku 56. Kuna mtu alisimama akawaambia wavute pumzi?

MAMA SHEFU: Haki yako, mwanangu. Nakuuliza moja tu. Wakikulipa kesho, utaacha kupita mlango wa nyuma?

DOCTA: Mlango gani?

MAMA SHEFU: Unaujua.

(Docta anajikuna shingo. Profesa anamtazama, maana yeye haujui.)

DOCTA: Kuna mama pale kwenye bomba. Nilimpasua kwa uzazi, mtoto akatoka mzima, kidonda kikapona. Nilimwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani siku ya Jumatatu. Bili haijalipwa, hawamtoi. Jumatatu nyingine imefika, yupo. Anafua nepi bombani, akiniona anainuka ananishukuru. "Aksanti, Docta." Kila asubuhi, "aksanti". Siwezi. Kwa hiyo napita kwa nyuma, kwenye jiko.

MAMA SHEFU: Mnaona? Hapo hakuna mshahara.

DOCTA: Hapo ni mshahara mtupu! Hospitali isingekuwa inajilisha kwa bili za maskini, nisingemkwepa mtu.

Wote wawili wana haki, na hapa ndipo semina za hotelini zinapopwaya. Madaktari wawili wa Marekani, Simon Talbot na Wendy Dean, waliandika mwaka 2018 kwamba madaktari wengi tunaosema wamechoka kwa kweli wamejeruhiwa dhamiri. Neno walilichukua kwa waliotibu askari wa vita vya Vietnam: jeraha la mtu anayejua lililo jema na hapewi nafasi ya kulitenda. Wao walikuwa wakilalamikia bima na kompyuta. Sisi tuna mama anayefua nepi. Huwezi kumfundisha Docta "kutawala hisia" za jambo ambalo hisia zake zimelisoma sawasawa. Akiacha kuona aibu mbele ya bomba lile, atakuwa ametulia, na tutakuwa tumempoteza.

Lakini ona na upande wa Mama Shefu. Mlango wa nyuma wanaupita watu wawili. Mwanafunzi anayemfuata Docta kila asubuhi anapita naye jikoni, hajaambiwa kwa nini, na amejifunza kwamba mgonjwa aliyepona na hajalipa huwa haonekani. Hakuna mtaala uliomfundisha hilo. Limeingia kwa miguu.

MAMA SHEFU: Mimi sijasoma mchoro wa hotelini. Lakini sisi wauguzi tuna mtu wetu, Dokta Matthew Lukwiya wa Lacor, kule Gulu, Uganda.

Wapo wauguzi wa upande huu wa Afrika wanaomjua kama watu wa dini wanavyowajua watakatifu wao, kwa hiyo nitaeleza kwa ajili ya wasiomjua. Mwezi Oktoba 2000 Lukwiya, mganga mkuu wa hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, alikuwa Kampala akisomea shahada ya afya ya jamii. Akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi, akasoma mafaili na vitabu usiku, akatambua kwamba ni Ebola kabla vipimo havijathibitisha. Mlipuko ule uliwapata watu 425 Uganda na kuua 224. Hospitalini kwake wauguzi walikuwa wakiwazika wenzao, na siku moja wakakataa: walikusanyika ukumbini, wakataka hospitali ifungwe.

MAMA SHEFU: Angeweza kuwarushia faili. Alikuwa mkubwa wao. Lakini aliingia, akakaa, akasikiliza saa kwa saa. Walimlaumu, akalaumiwa. Akawaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye anabaki. Mwisho wake waliimba pamoja, wakarudi wodini. Hiyo ndiyo akili ninayoisema. Si kutabasamu. Ni kujua watu wako wana hofu gani kabla hujawapa amri.

DOCTA: Halafu?

MAMA SHEFU: Unajua.

DOCTA: Nataka Mwanafunzi asikie. Halafu, usiku mmoja wa siku zile, muuguzi mgonjwa akazidiwa, anatoka damu, anainuka kitandani. Lukwiya akaamshwa. Alivaa barakoa, kanzu, glavu. Miwani ya kukinga macho hakuvaa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Mama, mtu aliyelala usingizi wa kutosha angesahau miwani? Kila mkitaka tuvumilie mnatuletea marehemu.

MAMA SHEFU: Usimseme hivyo.

DOCTA: Simsemi yeye. Namsema aliyempigia simu kwa sababu hakuwepo wa pili.

Nimekaa na maneno haya ya mwisho muda mrefu kuliko mengine yote niliyowapa wasemaji wangu. Tunapomsimulia Lukwiya, tunasimulia ukumbi na nyimbo. Hatusimulii ile simu. Alikuwa masomoni, hospitali ikamgeukia yeye. Moyo wa mtu mmoja ulipanuka ukaingiza wauguzi mia kadhaa. Karatasi ya zamu haipanuki kwa moyo wa mtu. Mwenye moyo wa kusoma watu ndiye anayeitwa kwanza, ndiye asiyeweza kukataa, na kwa hiyo ndiye anayechujuka mapema. Wale wagumu hulala. Ukiwaza hivyo, akili hisia peke yake, bila mtu wa kukupokea, haimkingi daktari na chochote. Inamwongezea wateja.

Profesa alikuwa amenyamaza tangu kicheko chake. Aliposema hakumtazama mtu.

PROFESA: Juni 2000 nilikuwa kama huyu kijana, mwaka wa mwisho. Tarehe 5 mpaka 10. Warwanda na Waganda wakipigana juu ya vichwa vyetu, mabomu zaidi ya elfu sita kwenye mji ambao haukuwa wao. Hatukuwa na umeme, hatukuwa na maji. Watu waliletwa kwa mikokoteni, kwa milango iliyong'olewa, kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Nilishika taa. Kazi yangu ilikuwa kushika taa ya mkono na kupokea miguu. Mwalimu wetu alituambia asubuhi ya kwanza: "Leo hakuna kulia mpaka nitoe ruhusa." Ilikuwa amri nzuri. Tuliweza kazi kwa sababu ya amri ile.

MAMA SHEFU: Na ruhusa?

PROFESA: Amekufa. Hakuitoa.

(Mvua imepungua kidogo. Hakuna anayeinuka.)

PROFESA: Februari 2022 nilisikia redioni, mahakama ya Hague imeamua Uganda ilipe dola milioni 325. Milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 za mali, 60 za maliasili. Sikuwa nadai kitu, mimi sikupotea hata kidole. Ila nilijikuta nahesabu mistari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Kisangani ilimzaa Dieudo Hamadi, mwaka 1984. Alisoma udaktari kwa muda, kisha akauacha akashika kamera. Filamu yake ya 2020 inawafuata walemavu wa vita hivyo vya Juni 2000, Vita vya Siku Sita, wakishuka mto Kongo kwa boti ya mizigo kwenda Kinshasa kudai fidia, na ndani yake watu hao hao wanapanda jukwaani kuigiza yaliyowapata, na magongo yao na miguu yao ya bandia. Aliyekatwa mguu amepata angalau jukwaa. Aliyeshika taa alipata cheo, wanafunzi arobaini kila mwaka, na kikao cha saa moja na nusu asubuhi ambapo yeye ndiye anayeuliza maswali. Nani humuuliza mkuu wa idara kama amelala? Mkewe labda, na pengine naye aliacha kuuliza. Vipimo vya Maslach vingeweza kuletwa, na Profesa angevijaza kama wanafunzi wake wanavyojaza karatasi ya mkojo: namba isiyomkasirisha mtu.

DOCTA: Sikujua, Profesa.

PROFESA: Haikuwa kazi yako kujua.

MWANAFUNZI: Naomba kusema tena.

PROFESA: Leo umefunguka. Sema.

MWANAFUNZI: Jana usiku, nilipokuwa natafuta damu, mama wa mgonjwa alinifuata ananiuliza-uliza. Nikamfokea. Nilimwambia, "Kama unajua dawa kuliko mimi, vaa koti." Ni maneno yako, Profesa. Hata sauti ilikuwa yako. Nilijisikia nikiongea nikageuka kutazama kama umeingia.

Hapa ningeweza kumfanya Profesa alie, na msomaji wa upole angefurahi. Simfanyi. Mtu aliyekaa na amri miaka ishirini na mitano haiachi kwa sababu mvua imenyesha. Alichokifanya ni kutoa kalamu moja kati ya zile tatu na kuomba karatasi ya zamu za wiki.

PROFESA: Jina langu liko hapa mara nne.

DOCTA: Uliliandika mwenyewe.

MAMA SHEFU: Kwa sababu humwamini mtu.

PROFESA: Kwa sababu hakuna mtu. (Anasoma tena.) Usiku wa Jumanne, Docta, ni wako, na huyu asitumwe damu. Atumwe mtu wa maabara. Mtu wa maabara analipwa kwa hilo.

MAMA SHEFU: Hajalipwa tangu Machi.

PROFESA: Basi nitakwenda kugombana na mkurugenzi kwa ajili ya mtu wa maabara, badala ya kugombana na mtoto. Na huyu mama wa bombani, bili yake ni kiasi gani?

DOCTA: Profesa, ukimlipia huyu wa kesho yupo.

PROFESA: Sikusema nalipa. Nimeuliza kiasi. Nataka kuwa nazo mkononi nikiingia ofisini kwa mkurugenzi, bili zote, za wote waliozuiwa. Nilikuwa sijui kwamba tuna mlango wa nyuma.

Mama Shefu akazitaja kwa kichwa, bila daftari, jina na kiasi, jina na kiasi, watu saba. Profesa akaandika. Docta akasaidia mbili alizozijua. Nilitaka kuandika kwamba huu ndio mfano wa akili hisia kwa wakuu wa mafunzo ya udaktari, kisha nikaona kwamba Profesa angelitupa faili la pili.

PROFESA: Na Jumapili nalala.

Akafuta jina lake. Karatasi ikabaki na alama ya ufutio na nafasi. Wakamtazama Docta.

DOCTA: Jumapili niko Mangobo. Ile kliniki ndiyo inayonilisha, Profesa. Wanalipa jioni ile ile.

MAMA SHEFU: Kama hakuna daktari Jumapili, mniambie leo, nijue wa kumwita.

PROFESA: Hutaniita mimi.

MAMA SHEFU: Sikusema nitakuita wewe.

MWANAFUNZI: Mimi naweza kuwepo, lakini sina saini.

Umeme ukarudi. Ndani ya wodi watu wakashangilia, ndugu wa wagonjwa wakakimbilia soketi na simu zao, na mtu akapiga kelele kutoka chumba cha upasuaji kwamba mashine ya kufyonza imewaka, leteni yule wa ngiri kabla haijazima. Profesa akatangulia, Docta nyuma yake, Mwanafunzi wa mwisho akiwa na viatu mkononi. Mama Shefu akabaki kidogo barazani. Karatasi ya zamu ilikuwa bado kwenye benchi, Jumapili haina jina. Akaiwekea jiwe isipeperuke, akaingia.